Kiondo cha Mama Nduku

Enzi zetu sisi, nyinyi wenzangu ambao magoti yenu yanalia mkiinuka mnajua, mtoto alikuwa anaona mambo na hakuna wa kumwambia ni ndoto. Mimi cha kwanza ninachokumbuka duniani ni mbuzi. Si mbuzi wa kuchezea. Kulikuwa na kiangazi kule kwetu Kitui, kile cha watu kuchemsha mizizi, na susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alinituma nje asubuhi nimfungue mbuzi wake wa mwisho. Nikamkuta amesimama, ameegemea ua wa miiba, macho wazi. Nikamwita. Nikamvuta kamba. Akaanguka mzima-mzima kama mlango uliotolewa bawaba. Alikuwa amekufa akiwa amesimama. Susu akatoka, akamtazama, akasema, "Huyu alikuwa na heshima, hakutaka kutuonyesha amechoka." Halafu akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri.

Basi ni hicho kiangazi kilichotutoa. Baba alitangulia Nairobi, akapata kazi ya mjengo, akatuma mtu atuchukue. Mimi naitwa Mumbua, kwa hivyo mama alikuwa Mama Mumbua, na mdogo wangu Mwende alikuwa bado tumboni. Tulishukia Machakos stendi, ile ya hapa Nairobi, jioni, mama amebeba kiondo kwa mkwa, ule ukanda wake, kwenye paji la uso, mimi nimeshika leso yake, na watu wakatucheka. Ilikuwa miaka ya sabini, ile ya mwanzo-mwanzo. Tukaenda kukaa Silanga, pale Kibera inapoteremka kuishia kwenye maji ya dam, lile bwawa.

Silanga ya wakati huo si hii mnayoiona. Nyumba zilikuwa za udongo na mabati, ndiyo, lakini kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na shamba. Sukuma, miwa, viazi vitamu. Ng'ambo ya dam wenye pesa walikuja Jumapili na vijimashua vyao vyeupe, sisi watoto tukikaa kwenye nyasi tukingojea mmoja wao aanguke. Tulicheza kati na mpira wa makaratasi, tukaruka kamba ya bladda mpaka giza, tukacheza kalongolongo tukapika udongo kwenye vifuniko vya makopo ya mafuta ya Kimbo. Wajukuu wangu nikiwaambia hivyo wananiuliza, "Sasa shosho, na mlikuwa mnachaji wapi?" Hawa watoto wakikaa bila stima saa moja wanatafutana kwa kilio kama walio msibani.

Lakini kulikuwa na ukungu. Nyinyi mliokaa chini karibu na dam mnanielewa. Mwezi wa saba ukungu ulitoka kwenye matete ukapanda ukaingia nyumbani bila hodi. Ulipokuwa ukicheza brikicho ukafumba macho ukahesabu, ukifumbua hukuwa unaona hata mkono wako, na wenzako unawasikia wakicheka mahali ambapo hapana nyumba. Mama alikuwa akisema, "Ukungu ukishuka, usimwitikie mtu usiyemwona." Mimi mpaka leo simu ikilia na jina halionekani, siiitikii. Watoto wananikasirikia.

Sasa, hapo Silanga kulikuwa na mwanamke wa kwetu aliyeitwa Mama Nduku. Nduku mwenyewe alikufa akiwa mchanga huko Kitui, lakini jina likamkaa mama, likamkaa na baba. Mumewe, Baba Nduku, aliuza makaa karibu na kisima, mtu mrefu, wa maneno machache, ambaye kanisani hakuingia. Alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni, akakaa nje kwenye jiwe mpaka ibada iishe. Mama Nduku ndiye aliyekuwa kanisa lenyewe. Kila Jumamosi alfajiri alijaza kiondo, unga, maharagwe, kipande cha sabuni, akakipeleka kwa mtu aliyelala njaa, akakitundika kwenye msumari wa mlango kabla wenyewe hawajaamka. Hakungoja asante. Alisema ukimpa mtu kitu na yeye akakuangalia machoni, umempa na deni juu yake.

Na nyinyi mnajua kwetu kiondo hakirudi kitupu. Hiyo haikuwa sheria ya kanisa, tulizaliwa tukaikuta. Mtu akikuletea kitu kwa kiondo, unamrudishia kiondo na kitu ndani, hata kama ni ndizi moja, hata chumvi ya kubana kwa vidole. Kukirudisha kitupu ni kama kumwambia mwenyewe afe. Kwa hivyo kiondo cha Mama Nduku kilikuwa kinazunguka, kinaenda na unga, kinarudi na limau, limau linaenda kwa mwenye kikohozi.

Yeye pia alisuka mwenyewe. Na wanawake wa Kikamba wanajua mkono wa mtu kwenye kiondo kama vile nyinyi mliosoma mnavyojua mwandiko. Mimi niliachia shule darasa la tatu, mwandiko wa watu siujui, lakini kiondo nikionyeshwa naweza kukwambia huyu alijifunzia Mwingi au Machakos. Mama Nduku alikuwa anaanza kitako kwa uzi mwekundu aliofumua kwenye sweta. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Akaugua kifua, akafa. Tukamzika Lang'ata. Kiondo chake wanawake walikiweka juu ya jeneza kwa mikono yao, udongo ukamwagwa juu, mama yangu akiwepo, mimi nikiwepo. Baba Nduku alisimama mbali kidogo, vumbi la makaa kwenye kola ya shati la msibani.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwetu. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi Thika akanyamaza. Mwende alikuwa ameshazaliwa, lakini maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na mtoto alikuwa analia bila machozi. Mnajua mtoto akilia bila machozi. Halafu akaacha hata kulia, akawa anatuangalia tu na macho makubwa. Mama alimfunika leso, akamfunua, akamfunika tena.

Jumamosi moja alfajiri mama akafungua mlango kumwaga majivu, akasimama pale. Akaniita kwa sauti ndogo. "Mumbua. Njoo uone, lakini usiguse."

Kwenye msumari kulikuwa na kiondo. Ndani unga, maharagwe, na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Mama akakiinua, akachungulia kitako. Uzi mwekundu.

Wanawake wa ploti wakaja na vikombe vyao vya chai mkononi, wakasimama mbali kidogo na mlango wetu. Yule jirani yetu Mama Mutua, mwenye sauti kubwa, ndiye aliyesogea. Akapapasa ukingo wa juu, mahali kiondo kinapomalizikia, akautoa mkono haraka.

"Angalia mdomo wake ulivyopinda. Mama Nduku hakuwa anapinda."

"Pengine alikuwa na haraka," mama akasema.

"Haraka ya nini, na yeye ana muda wote? Hivi ni vidole vimekauka, Mama Mumbua. Vidole vya baridi. Na hii nini?" Akaonyesha unga. Juu ya unga kulikuwa na vumbi jeusi, alama kama za vidole. "Huu ni udongo wa Lang'ata."

Mmoja akasema kichomwe. Mwingine akasema kirudishwe kaburini. Mama Mutua akamshika mama bega. "Dada, chakula cha marehemu hakiliwi. Ukila chake, umekubali kwenda kwake."

Mama alimwangalia Mwende. Halafu akaingia ndani, akawasha jiko, akapika uji kwa ule unga na yale maziwa. Kabla ya kumnywesha mtoto alionja yeye kwanza. Akakaa, akangoja. Tukangoja sote, wanawake mlangoni wamejaa. Mama akasema, "Mungu, kama ni kufa, anza na mimi, huyu hajui kitu." Akangoja tena. Kisha akachovya kijiko.

Mwende alikunywa. Jioni akalia, na safari hii kulikuwa na machozi, na mama naye akalia.

Sasa kazi ikawa kiondo. Kiondo hakirudi kitupu, na mwenyewe yuko ardhini, utakirudishaje? Mama alitafuta nyumba nzima akakosa cha kuweka. Akafunga chumvi kidogo kwa kipande cha gazeti, akakitundika kwenye msumari nje. Asubuhi hakikuwapo. Siku zikapita, tukasikia kimeonekana kwa mzee kipofu upande wa Gatwekera, kina viazi na ile chumvi yetu. Jumamosi iliyofuata kikarudi kwetu na maziwa.

Basi watu wakaanza kuishi na hilo jambo. Ndivyo tulivyokuwa, mtu anaweza kuogopa kitu na huku anakizoea. Wanawake walipofagia milango alfajiri walisema, "Umeamkaje, Mama Nduku," kwa ukungu, halafu wanaingia haraka wakifunga. Aliyeletewa kiondo aliita kwa nguvu, "Asante, Mama Nduku! Mungu akulaze vizuri, lakini usiache kuja!" Sisi watoto tulikuwa na mchezo mpya, tunakwenda kwenye matete tunaita jina lake, halafu tunakimbia. Mara moja tuliita, tukasikia kitu kikikohoa humo ndani. Tulikimbia hivi kwamba nilipoteza kiatu kimoja, na nilikuwa nacho hicho kimoja tu, kwa sababu cha pili kilipotea Kitui.

Nilimwona. Nilikuwa nimetumwa kupanga mtungi kwenye foleni kisimani, alfajiri, ukungu umelala chini kiasi cha kiuno. Akapita mbele yangu. Leso ya Mama Nduku, ile ya manjano yenye korosho, imefunika kichwa mpaka machoni. Mkwa kwenye paji, kiondo mgongoni, mgongo umeinama vile alivyokuwa akiinama. Hakuwa na mlio wa mguu. Akasimama, akageuka upande wangu, uso ndani ya leso ulikuwa shimo tu. Halafu ukungu ukamla.

Nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Umemwona. Basi nyamaza. Mtu akikupa, usimchungulie."

Kuna kitu kingine ambacho sikukielewa wakati ule. Nilikuwa nikitumwa makaa kwa Baba Nduku, na yeye, mtu asiyeongea, alikuwa ananijazia kopo mpaka linamwagika, halafu ananiuliza, macho kwenye gunia, "Leo wamesema nini huko kwenu?"

"Wanasema Mama Nduku alikuja kwa Mama Mutua."

"Wamesema jina lake?"

"Eeh. Mama Mutua ameliita nje, kwa sauti."

"Aliliitaje?"

Nikaliita vile Mama Mutua alivyoliita. Akafumba macho. "Tena," akasema. Nikaita tena. Nilikuwa naogopa, lakini makaa yalikuwa mengi.

Jambo likafika Kawangware. Mzee wa kanisa letu, Mzee Njuguna, alikuwa mwenye ploti huko, watu wa kwao wamekaa Kawangware tangu zamani, ana nyumba za kupangisha na ng'ombe wa maziwa. Alikuja kwa baiskeli, na suti, klipu za baiskeli zimebana suruali kwenye vifundo. Mtu mwema, nisimseme vibaya. Lakini alipenda mambo yawe na mpangilio. Akatukusanya akasema haiwezekani Wakristo wakalishwa na maiti. Jumamosi alfajiri tungelingojea hilo zimwi, tuliimbie, tulikemee, liende.

Mama akasimama. Wanawake hawakuwa wanasimama mbele ya wazee hivyo. "Mzee, huyu mtoto wangu anaishi kwa hicho kiondo. Mkilikemea likaenda, atakula nini?"

"Mungu atampa, mama."

"Na kama ni yeye anayempa sasa?"

Mzee Njuguna alipapasa kofia yake. "Mungu hatumii wafu, Mama Mumbua."

"Mimi sijui anamtumia nani. Ninaomba tu msimfukuze."

Hawakumsikia. Jumamosi hiyo watu walijificha nyuma ya miwa, baridi ile, wazee wa kanisa mbele, wanawake nyuma, mimi nimeshikiliwa mkono na mama. Mwende yuko mgongoni mwake amelala. Ukungu ukawa unakuja kutoka majini, mzito. Na ndani ya ukungu, leso ya manjano. Mama Mutua akaanza kusema Yesu, Yesu, Yesu, chini kwa chini. Lile umbo likafika mlangoni kwetu, likatua kiondo, likapapasa msumari kwa mkono kama mtu anayejua nyumba.

Wimbo ukaanza, wote kwa pamoja. Umbo likashtuka, likataka kukimbia, likajikwaa kwenye mfereji. Mzee Njuguna akalifikia, akasema kwa jina la Bwana, akaishika leso akaivuta.

Kichwa chenye mvi. Paji lenye alama ya mkwa. Baba Nduku, amekaa mferejini, miguu pekupeku, unga umemwagika mapajani, anatuangalia.

Wimbo ulikatika vipande vipande, mmoja akinyamaza baada ya mwingine.

Zile enzi mwanamume hakubeba kiondo kwa paji. Angefuatwa na watoto kwa nyimbo za kumcheka mpaka Gatwekera. Ndiyo maana ya leso, wakasema watu. Na mdomo uliopinda? Mama Nduku alikuwa ameacha kiondo kimoja hakijaisha, na yeye akakimalizia kwa vidole vyake vya makaa, hajui kusuka. Na ule udongo wa Lang'ata ulikuwa makaa tu. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu, tukakisoma vingine.

Halafu vigelegele. Mama Mutua alipiga kigelegele hivi kwamba kuku walishuka mtini. Mzee Njuguna alipiga magoti kwenye matope na suti yake akamkumbatia yule mzee, akalia kama mtoto. "Umetuhubiria," akasema, "umetuhubiria sisi tulioshika Biblia." Jumapili akalisema kanisani, na kanisa lote likasimama. Lakini lile jiwe la nje lilikuwa tupu.

Ndipo watu walipofanya kile walichofundishwa na mama zao. Kiondo hakirudi kitupu. Walitoka kanisani wakaenda majumbani, wakaja kwa Baba Nduku, kila mtu na kiondo kimejaa. Kila nyumba aliyowahi kuilisha. Kipofu aliletwa ameshikwa mkono, na yai kwenye kofia. Kutoka Kawangware kulikuja maziwa kwa debe na blanketi jipya. Mama alipeleka kuku, sijui alimtoa wapi. Vilijaa mlangoni, vikajaa dirishani, na kila aliyetua kiondo alisema, "Asante, Baba Nduku. Mungu akubariki, Baba Nduku." Baba Nduku, Baba Nduku, jioni yote.

Yeye alikaa kwenye kigoda chake katikati ya vile vitu, hakuvigusa. Watu walipopungua, mama akabaki kumwashia koroboi, nami nikabaki na mama. Akaongea, na sijasahau.

"Mama Mumbua, unajua mlipokuwa mkisema ni yeye, nilikuwa nalisikia jina lake kila mlango? Nilikuwa nikitembea na leso yake nasikia watu wanamwamkia. Alikuwa bado yuko. Leo nimekaa hapa tangu mchana. Hakuna hata mmoja aliyemtaja."

Mama akafungua mdomo. Nadhani alitaka kulitaja lile jina pale pale. Lakini akaona limechelewa, likitajwa sasa litakuwa la kumpa pole.

"Mmenirudishia," akasema Baba Nduku. "Sina la kusema. Mmenirudishia vyote."

Mimi siku hizi nikiona watu wanaleta msaada huku Kibera, pakiti mbili za unga na wapiga picha watano, bango kubwa lenye uso wa mwenye kutoa, na yule mama maskini anaambiwa ashike unga juu kidogo, acheke kidogo, namkumbuka yule mzee akiwa na leso ya mkewe kichwani. Mjukuu wangu aliniambia, "Shosho, bila picha watu watajuaje?" Nikamwambia ndiyo hivyo, baba, watu watajuaje. Na simlaumu. Sisi tulikuwa na upendo kuliko wao, nitasema hivyo mpaka nife, tulipeana mpaka chumvi. Lakini hata sisi hatukuweza kuacha kitu kipite bila kujua kimetoka kwa nani.

Mwende aliishi. Ana wajukuu Kitengela, na mwenyewe ni mnene, ana sauti.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa nafagia mlango. Ukungu ulikuwa mwembamba, jua linauchana. Baba Nduku akatoka kwake, amevaa shati lile la msibani, ameliosha. Mlango aliuacha wazi, na ndani vile viondo vyote vimekaa vilevile, yule kuku wa mama amefungwa mguu kwenye kitanda. Mkononi hakuwa na kitu. Mama alikuwa ameweka chai motoni, akamwita, "Baba Nduku, chai iko tayari, ingia kwanza!"

Akamwinulia mama mkono, vile mtu anavyofanya akienda hapo tu. Akapanda kilima, akafika kwenye reli, akaifuata.

Mama alimwekea kile kikombe cha chai, akakifunika na sahani.

Hakurudi.